Edwin Armstrong, mhandisi aliyeifundisha redio kutumia umeme kidogo

Juu ya majabali yanayoukabili mto Hudson, katika mji mdogo wa Alpine, jimbo la New Jersey nchini Marekani, umesimama mnara wa chuma wenye mikono mitatu iliyonyooshwa kulia na kushoto. Ulijengwa katika miaka ya 1930 kwa fedha za mtu mmoja, si za serikali wala za kampuni. Mtu huyo ni Edwin Howard Armstrong. Kila anayefungua redio yake kwenye masafa ya FM, kati ya megahezi 88 na 108, anatumia kazi ya mikono yake, ajue asijue.

Wengi wanaomtaja humtaja kwa usafi wa sauti ya FM. Ni haki yake. Lakini ipo faida ya pili ya uvumbuzi huo, ambayo haisemwi sana nje ya karakana za wahandisi: mtambo unaorusha mawimbi kwa njia ya Armstrong waweza kufanya kazi hiyo kwa umeme mdogo na bila kuungua kwa joto. Leo, mtambo huo unapokuwa umeshindiliwa ndani ya chipu ndogo kuliko ukucha, faida hiyo ya pili huenda imekuwa kubwa kuliko ya kwanza.

Armstrong alizaliwa mjini New York tarehe 18 Desemba 1890. Baba yake alifanya kazi katika tawi la Marekani la shirika la uchapishaji la Chuo Kikuu cha Oxford, na mama yake alikuwa mwalimu. Akiwa mtoto alishikwa na ugonjwa uliomwacha na mshtuko wa bega na shingo, uliomjia kila aliposisimka na ambao haukumtoka maisha yake yote. Kwa miaka miwili alisomeshwa nyumbani. Yaelekea upweke huo ulimzoesha kukaa na mashine. Familia ilipohamia Yonkers, kando ya mto Hudson, kijana huyo alijaza chumba chake cha darini nyaya na vipuri, akinasa usiku ishara za simu za upepo kutoka kwenye meli za mbali. Mwaka 1910 alisimamisha peke yake uani mlingoti wa antena wa mita 38 hivi, akijivuta juu kwa kiti cha kamba. Woga wa kimo hakuwa nao. Baadaye, akiwa mtu mzima mwenye heshima zake, alipanda mnara wa redio juu ya jengo refu la New York kwa kujifurahisha tu, na wakuu wa kampuni yenye mnara huo hawakufurahi hata kidogo.

Alisoma uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Columbia. Mwaka 1912, akiwa bado mwanafunzi, alifanya ugunduzi wake wa kwanza. Wakati huo vali ya redio iliyobuniwa na Lee de Forest mwaka 1906 ilikuwa kifaa ambacho hata mwenyewe aliyekibuni hakukielewa vyema. Armstrong alikipima kwa subira, akaona kwamba sehemu ya mawimbi yanayotoka kwenye vali ikirudishwa mlangoni iingie tena, ishara dhaifu hukua mara nyingi mno. Akaona pia kwamba ukizidisha kurudisha, vali huacha kuwa kipokezi na kuanza kutoa mawimbi yake yenyewe. Kwa maneno mengine, kifaa kimoja kilikuwa sikio na mdomo pia. Mtambo wa kurusha matangazo kwa vali ulizaliwa hapo.

Baba yake alikataa kumpa fedha za kuombea hataza kabla hajamaliza masomo. Kijana akachora mchoro wake, akaupeleka kwa ofisa wa kuthibitisha hati, ukapigwa muhuri tarehe 31 Januari 1913. Hataza ilitolewa mwaka uliofuata. Hata hivyo De Forest alidai kwamba alilifikia wazo hilo kabla, na kesi iliyozuka baina yao ilidumu takriban miaka ishirini, ikapanda na kushuka katika mahakama mbalimbali, hadi Mahakama ya Juu ya Marekani ilipompa De Forest ushindi wa mwisho mwaka 1934. Wahandisi wengi waliona kwamba majaji hawakuelewa jambo walilokuwa wakiliamua. Armstrong alikwenda mbele ya wenzake wa taasisi ya wahandisi wa redio kuirudisha nishani waliyompa kwa ugunduzi huo. Walikataa kuipokea, wakathibitisha kwamba ni yake.

Katikati ya ugomvi huo vita vya kwanza vya dunia vilimpeleka Paris akiwa ofisa wa kikosi cha mawasiliano cha jeshi la Marekani. Huko, mwaka 1918, alibuni kipokezi kinachobadilisha kila masafa yanayoingia kuwa masafa mamoja maalumu kabla ya kuyakuza. Mfaransa Lucien Lévy naye alidai wazo hilo, na hakuwa mtu wa kupuuzwa. Lakini kilichoenea duniani ni vipokezi vya mpango huo, na mpaka leo redio, runinga, rada na simu nyingi zimejengwa juu yake. Aliporudi nyumbani aliuza hataza zake mbili kwa kampuni ya Westinghouse kwa dola 335,000. Uvumbuzi mwingine aliuuza mwaka 1922 kwa kampuni ya RCA kwa fedha na hisa 60,000, na kwa muda akawa mtu binafsi mwenye hisa nyingi kuliko wote katika kampuni hiyo. Mwaka 1923 alimwoa Marion MacInnis, aliyekuwa katibu wa David Sarnoff, mkuu wa RCA. Sarnoff na Armstrong walikuwa marafiki tangu ujana. Urafiki huo ndio uliokuja kuvunjika kwa gharama kubwa.

Kisa chenyewe kilianza na kelele. Redio ya miaka ya 1920 ilibeba sauti kwa kuongeza na kupunguza nguvu ya wimbi. Ndiyo njia inayoitwa AM. Radi inapopiga, nayo huongeza na kupunguza nguvu ya wimbi, na kipokezi hakiwezi kujua kipi ni sauti ya msemaji na kipi ni mkwaruzo wa mbinguni. Aliyewahi kusikiliza kituo cha masafa ya kati katika msimu wa mvua anaijua karaha hiyo. Dawa ya kawaida ilikuwa kuongeza umeme: kituo kikizidiwa na radi, kikajenge mtambo mkubwa zaidi.

Armstrong alikataa mbio hizo. Badala ya kuchezea nguvu ya wimbi, aliiacha nguvu ibaki palepale na kuyapeleka masafa yake juu na chini kufuata sauti. Wazo lenyewe halikuwa jipya. Mwanahisabati John Carson wa kampuni ya simu ya Marekani alilichunguza mwaka 1922, akahitimisha kwamba halina faida. Hesabu za Carson zilikuwa sahihi kwa jambo alilolipima, yaani mabadiliko madogo ya masafa ndani ya njia nyembamba. Armstrong akafanya kinyume: akaipanua njia. Kituo cha AM nchini Marekani kilipewa upana wa kilohezi 10; mpango wa FM uliokuja kukubaliwa unakipa kila kituo kilohezi 200. Kwa upana huo, kipokezi kinaweza kukata kilele cha kila wimbi na kutupa mikwaruzo yote inayokaa humo, kisha kisome masafa peke yake. Alipewa hataza tano tarehe 26 Desemba 1933.

Hapa inafaa kutua kidogo, maana ndipo suala la umeme linapoingia. Katika AM, hata sauti inapofika kilele chake, theluthi mbili za nguvu ya mtambo zinakwenda kwenye wimbi la kubebea, ambalo halisemi neno lolote. Si hilo tu. Kikuza mawimbi cha mwisho, kile kinachoisukuma antena, lazima kifuate kila mnuko na kila mshuko wa nguvu bila kupotosha, na kwa hiyo hakiwezi kuendeshwa kwa uwezo wake wote. Hukaa kama dereva anayelazimishwa kushika breki na mafuta kwa pamoja. Umeme usiogeuka kuwa wimbi hugeuka kuwa joto.

Wimbi la Armstrong, kwa kuwa nguvu yake haibadiliki, linamwondolea mhandisi kifungo hicho. Kikuza mawimbi chaweza kuachwa kifanye kazi kama swichi. Swichi iliyozimwa haipitishi mkondo. Iliyowashwa huupitisha bila kuuzuia. Katika hali zote mbili joto ni dogo sana. Joto huzaliwa katikati, pale kifaa kinapopitisha umeme nusunusu. Kadiri kikuza mawimbi kinavyokwepa hali hiyo ya katikati, ndivyo sehemu kubwa ya umeme wa betri inavyofika kwenye antena. Armstrong alifidia umeme kwa kutumia upana wa masafa, na biashara hiyo ililipa.

Majaribio yalianza mwaka 1934 juu ya jengo la Empire State, ambako RCA ilimruhusu kutumia chumba chake. Sauti ilipokewa umbali wa kilomita zaidi ya 100 ikiwa safi, hata radi zilipokuwa zikipiga. Lakini RCA ilikuwa na mtaji wake katika AM na macho yake kwenye runinga. Mwaka 1935 Armstrong alitakiwa kuondoa vifaa vyake ili kupisha vya runinga. Tarehe 5 Novemba mwaka huo aliwashangaza wahandisi wenzake mjini New York kwa matangazo yaliyorushwa kutoka nyumba ya rafiki yake huko Yonkers: maji yakimiminwa kwenye bilauri, karatasi ikikunjwakunjwa, kila sauti ikisikika kana kwamba inatokea ndani ya ukumbi. Kampuni zilipoendelea kusitasita, akauza sehemu ya hisa zake, akajenga mnara wa Alpine kwa gharama ya takriban dola 300,000. Matangazo ya kawaida yalianza kusikika kutoka hapo mwaka 1939. Mwaka uliofuata RCA ilimtaka apokee dola milioni moja kwa mkupuo na kuachana na madai mengine yote. Alikataa, kwa kuwa kampuni nyingine zilikuwa zikimlipa sehemu ya mauzo yao na hakuona sababu ya kubwa kuliko zote kusamehewa.

Vita vya pili vya dunia vilipoifikia Marekani, aliliruhusu jeshi la nchi yake kutumia hataza zake za FM bila malipo. Redio za vifaru vya Marekani zilikuwa za FM, kwa sababu mikwaruzo ya injini hufanana na ya radi. Ya FM pia ilikuwa redio ya kubebwa mgongoni na askari wa miguu, iliyotengenezwa na kampuni ya Motorola, ambayo ilitegemea betri peke yake.

Armstrong mwenyewe aligeukia rada. Rada nyingi za wakati huo zilipiga wimbi kwa pigo fupi lenye nguvu nyingi, kisha zikanyamaza zikisubiri mwangwi. Yeye, na hakuwa peke yake, alifuata njia nyingine: kurusha wimbi mfululizo huku masafa yake yakipanda kwa mpangilio. Mwangwi unaorudi umechelewa, kwa hiyo masafa yake ni ya nyuma kidogo ya yale yanayorushwa wakati huo. Tofauti baina ya hayo mawili ndiyo inayotaja umbali. Vifaa alivyovibuni katika kazi hiyo vilitumika baada ya vita katika jaribio lililoandikwa katika historia. Tarehe 10 Januari 1946, wahandisi wa jeshi huko Camp Evans, New Jersey, walielekeza antena kwenye mwezi uliokuwa ukichomoza, wakarusha mawimbi ya megahezi 111.5, na baada ya sekunde mbili na nusu hivi mwangwi ukarudi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa binadamu kuugusa mwezi kwa redio na kupata jibu.

Njia hiyo ya wimbi mfululizo ndiyo inayotumika leo katika rada ndogo zinazofungwa kwenye magari ili kupima umbali wa gari lililo mbele. Rada hizo hufanya kazi kati ya gigahezi 76 na 81, na mtambo wake mzima, kuanzia kinachozaa wimbi hadi kikuza mawimbi, umo ndani ya chipu. Chipu haina nafasi ya kupepewa wala bomba la maji la kuipoza, na nguvu inayorusha huhesabiwa kwa miliwati. Kama ingelazimika kupiga mapigo makubwa ya kilowati kwa namna ya rada za zamani, ingeungua mara moja. Wimbi la nguvu isiyobadilika linailinda. Vivyo hivyo simu za mkononi za kizazi cha pili, zile zilizokaa na chaji siku kadhaa, zilitumia wimbi ambalo nguvu yake haibadiliki, na teknolojia ya Bluetooth ilianza kwa mpango wa aina hiyo.

Mambo yaligeuka pale watu walipotaka picha na video kwenye simu. Ili kupitisha data nyingi katika njia nyembamba, mitandao ya 4G na 5G hubadilisha tena nguvu ya wimbi, na ule ugonjwa wa joto ukarudi. Cha ajabu ni kwamba wabunifu wa chipu walitafuta dawa katika miaka ileile ya Armstrong. Mfaransa Henri Chireix alikuwa ameonyesha mwaka 1935 kwamba wimbi lenye kupanda na kushuka laweza kutengenezwa kwa kujumlisha mawimbi mawili ambayo kila moja lina nguvu isiyobadilika. Mmarekani William Doherty, mwaka 1936, alibuni vikuza mawimbi viwili, kimoja cha kazi ya kila wakati na cha pili kinachoamka kwenye vilele tu. Wote wawili walikuwa wakitibu mitambo ya AM yenye vali kubwa. Leo kikuza mawimbi cha Doherty kimo katika minara mingi ya simu, na wabunifu wanahangaika kuyaingiza mawazo hayo yote ndani ya chipu.

Armstrong hakuyaona hayo. Mwaka 1945 tume ya mawasiliano ya Marekani iliihamisha FM kutoka megahezi 42 hadi 50 na kuipeleka megahezi 88 na kuendelea. Sababu iliyotolewa ilikuwa hofu ya mwingiliano wa mawimbi wakati jua linapochafuka. Armstrong aliipinga kwa ushahidi, hakusikilizwa. Laki kadhaa za redio zilizokwisha kununuliwa ziligeuka mapambo ya sebuleni, na vituo vililazimika kununua mitambo mipya. Vilevile nguvu za vituo zilipunguzwa. Ajuaye jinsi wakazi wa Uvira wanavyosikiliza vituo vya Bujumbura, na wa Bujumbura vya Uvira, anafahamu kwamba FM hufika pale jicho linapoweza kufika. Kuinyima kimo na nguvu ni kuinyima wasikilizaji.

Runinga nayo ilikwisha kuchagua FM kwa ajili ya sauti yake, na RCA ikauza runinga bila kumlipa. Mwaka 1948 aliishtaki RCA pamoja na shirika lake la utangazaji la NBC. Upande wa pili haukuwa na haraka. Mawakili wao walimhoji mwezi baada ya mwezi, huku muda wa hataza zake za mwaka 1933 ukiyoyoma. Ulikwisha mwaka 1950. Mapato yalikauka, mali ikaenda kwa mawakili, naye hakutaka kusikia neno la suluhu. Twaweza kumlaumu kwa ukaidi, na rafiki zake walimlaumu. Ni ukaidi uleule uliomfanya asiyakubali matokeo ya Carson.

Mwishoni mwa mwaka 1953 yeye na Marion waligombana juu ya fedha, na mke akaenda kukaa kwa dada yake. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1954, Armstrong, akiwa peke yake nyumbani mjini New York, aliandika barua kwa mkewe, kisha akajitoa uhai. Alikuwa na umri wa miaka 63.

Marion hakuziacha kesi. Mwezi Desemba mwaka huohuo RCA ilikubali kumlipa dola zaidi ya milioni moja, kiasi kisichopishana sana na kile ambacho mumewe alikikataa mwaka 1940. Aliendelea na kampuni nyingine, moja baada ya nyingine. Ya mwisho ilikuwa Motorola, iliyopigana hadi Mahakama ya Juu ilipokataa kulisikiliza shauri lake mwaka 1967. Kwa hukumu hiyo ilithibitishwa, miaka 13 baada ya kifo chake, kwamba FM ya njia pana ilikuwa kazi ya Edwin Armstrong. Marion alifariki dunia mwaka 1979. Mnara wa Alpine ulikuwa ungali na kazi: baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001 kuangusha antena za New York, vituo kadhaa vya runinga vya jiji hilo vilikwenda kurushia matangazo yao hapo.